Tununue pampu kubwa zaidi, au tatizo liko kwingine?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasimamia kituo cha kusukuma maji taka katika mji wetu wa pwani. Kina pampu mbili za kuzama za kilowati 15, kila moja kibati chake kinasema lita 40 kwa sekunde. Shimo la kukusanyia ni la mviringo, kipenyo mita 3. Bomba la msukumo ni la milimita 200, urefu kama kilomita 1.4, na maji yanapanda mita 9. Pampu zinaziba karibu kila wiki, umeme ukikatika tunahangaika, na masika iliyopita kituo kilifurika mara tatu mpaka maji yakaingia uani kwa watu. Ofisi imepata fedha na inataka kununua pampu mbili za kilowati 30, lita 70 kwa sekunde. Moyo wangu unasita lakini sina hoja. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, fundi. Moyo wako unasita kwa haki, na hoja utaipata. Nilipopata barua yako, ambayo hapo juu imefupishwa, nilikuomba kwanza upime kidogo kwa saa ya mkononi na kamba yenye alama, nawe ukapima. Sehemu kubwa ya jibu hili imetoka kwenye namba zako mwenyewe. Nazirudia hapa kwa kirefu kwa sababu najua mafundi wengi wana kituo kama chako na hawajawahi kukipima tangu kilipokabidhiwa.

Saa 4 asubuhi, siku kavu, ulizima pampu zote mbili ukaacha maji yapande. Yalipanda nusu mita kwa dakika 4. Shimo la kipenyo cha mita 3 lina eneo la mita za mraba 7.07, kwa hiyo nusu mita ni lita 3,534 hivi. Gawanya kwa sekunde 240: yanaingia maji lita 14.7 kwa sekunde. Kisha ukawasha pampu namba 1 peke yake. Nusu mita ile ile ilishuka kwa dakika 3 na sekunde 20, maana yake zinatoka lita 17.7 kwa sekunde juu ya zile zinazoendelea kuingia. Jumlisha: pampu inasukuma lita 32.4. Kibati kinasema 40.

Lita saba na nusu za kila sekunde zimekwenda wapi? Hapo ndipo nilipokuomba ufunge geti vali (vali ya kufunga bomba kwa mkono) ya pampu namba 2, ile iliyolala, halafu urudie kipimo. Safari hii maji yalishuka kwa dakika 2 na sekunde 40. Pampu ile ile, bomba lile lile, sasa inatoa karibu lita 37. Yaani lita 4 na ushee zilikuwa zinapanda kupitia pampu namba 1, zikifika kwenye makutano ya mabomba zinateremka kupitia namba 2 na kurudi shimoni. Ulipofungua nonritani vali ya namba 2, ile inayozuia maji kurudi nyuma, ukakuta kipande cha khanga kimejisokota chini ya kile kibao kinachofunga, maneno yake hayasomeki tena. Kwa muda usiojulikana kituo chako kimekuwa kikizungusha maji yale yale, na mita ya umeme inahesabu kila mzunguko.

Lita 3 zilizobaki ni uchakavu. Mchanga wa pwani unaingia kwenye chemba zilizopasuka, unapita kwenye pampu na kusaga impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, pamoja na kingo za nyumba yake, nafasi kati yao inapanuka, maji yanavuja ndani kwa ndani. Pampu nyingi za aina yako zina sahani ya chini yenye boliti za kurekebisha nafasi hiyo. Fungua kitabu cha pampu, angalia inatakiwa milimita ngapi, rekebisha. Ikiwa imeliwa mno, nunua impela na sahani yake, usinunue pampu nzima.

Sasa tuje kwenye hizo kilowati 30. Maji yakienda kasi ndani ya bomba, msuguano hauongezeki kwa uwiano ule ule. Unaongezeka karibu kwa mraba wa kasi. Kwa lita 40 kwenye bomba lako la milimita 200, kasi ni mita 1.27 kwa sekunde, mwendo mzuri kabisa, na kwa hesabu yangu msuguano wa kilomita 1.4 unakula kama mita 12. Ongeza mita 9 za kupanda, pampu inahitaji kusukuma mita 21. Mota ya kilowati 15 inatosha hapo, na aliyeichagua alijua kazi yake. Peleka lita 70 kwenye bomba hilo hilo: kasi inafika mita 2.2, msuguano unaruka mpaka karibu mita 34, jumla mita 43. Kwa kazi hiyo unahitaji mota ya kilowati 45 mpaka 50. Kwa hiyo pampu ya kilowati 30 iliyoandikwa lita 70 ni ya mita 20 na kitu. Ukiifunga kwako itatoa labda lita 50, itameza umeme maradufu, na kila umeme ukikatika ghafla bomba litapigwa na mshindo wa maji mkubwa kuliko liliouzoea. Bomba hilo lina umri gani? Mwulize aliyependekeza pampu hizo.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi. Shimo lako lina ukubwa wake. Pampu ikiwa na nguvu kupita kiasi inalikausha upesi, inazima, shimo linajaa, inawaka tena. Kiasi cha maji kinachotakiwa kati ya usawa wa kuwaka na wa kuzima ni muda wa mzunguko mmoja mara mtiririko wa pampu, gawanya kwa 4. Ukitaka pampu isiwake zaidi ya mara 6 kwa saa, yaani mzunguko wa sekunde 600, pampu ya lita 40 inadai mita za ujazo 6, ambazo kwenye shimo lako ni kimo cha sentimita 85. Pampu ikitoa lita 70 bila kubadilisha kimo hicho, unafika mara 10 au 11 kwa saa katika saa mbaya. Zikipokezana, mzigo unagawanyika, sawa. Lakini siku moja ikiwa karakana, hiyo iliyobaki inabeba mawasho yote peke yake, na mota hupata joto zaidi kwenye kuwaka kuliko kwenye kukimbia.

Basi hoja yako ya kwanza ofisini ndiyo hiyo: kwanza tupate zile lita 40 tulizokwisha kuzilipia.

Kuziba. Hili linakukera zaidi, naona limerudiwa mara nne kwenye barua yako. Ukifungua pampu iliyoziba unakuta nini? Kwako ulitaja pedi, vitambaa, nyuzi za mifuko ya viroba na nywele za kusukia. Vitu virefu. Havizibi kwa ukubwa. Vinazunguka shafti, vinasukana kamba, kamba inakuwa nene mpaka mota inalalamika. Kwa taka za namna hiyo, impela za kisasa zinazojisafisha zenyewe, zenye mkunjo wa nyuma na mfereji kwenye sahani, hufanya kazi kubwa. Impela ya kimbunga, ile inayokaa nyuma na kuacha nafasi wazi, nayo haizibi kirahisi lakini inakula umeme zaidi kwa kazi ile ile. Za kukatakata zipo, ni nzuri mahali pa taka ngumu, ila visu vyake na mchanga wa pwani havielewani hata kidogo. Ningekuwa wewe ningeomba impela ya kujisafisha inayoingia kwenye pampu uliyo nayo, kama kiwanda chake kinaitengeneza.

Kikapu cha kuchujia mlangoni mwa shimo? Nakijua kinavyovutia. Ni kizuri kwa kituo chenye mtu wa kukimwaga kila siku, pamoja na Idi na Krismasi. Kisipomwagwa kinageuka ukuta, na maji yanafurika kwenye chemba za juu huku shimo lako likiwa tupu na pampu zimelala. Nimeliona hilo, na kengele haikulia kwa sababu kengele ilikuwa shimoni.

Na mtu akikushauri ufunge kifaa cha kubadilisha kasi ya mota ili uokoe umeme, msikilize kwa adabu kisha mwulize kasi ya chini itakuwa ngapi. Maji taka yakipungua chini ya mita 0.6 au 0.7 kwa sekunde ndani ya bomba, uchafu unalala, na pampu inayozunguka polepole haina nguvu ya kujikwamua kwenye kitambaa. Kwa kituo kidogo kama chako kifaa cha kuwasha taratibu kinatosha. Vipo pia vidhibiti vinavyozungusha pampu kinyumenyume kwa sekunde chache kutema takataka. Kabla hujaruhusu, hakikisha impela haikufungwa kwa uzi wa skrubu kwenye shafti, la sivyo itajifungua yenyewe huko chini.

Umeme. Wengi wakisikia neno hili wanawaza jenereta. Mimi nawaza kwanza fezi moja kupotea, yaani waya mmoja kati ya nyaya tatu zinazoleta umeme wa mota. Umeme ukikatika wote, pampu inasimama, inasubiri, haijaumia. Fezi moja ikipotea mota inaendelea kung'ang'ania kwa fezi mbili, inanguruma, inaungua. Relei ya kulinda fezi, volti ndogo na mpangilio wa fezi, yaani swichi inayokata umeme yenyewe ikiona kasoro, ni kifaa kinachoenea kiganjani, na bei yake ukiilinganisha na kusuka upya mota moja utacheka. Ulisema paneli yako, lile sanduku la vifaa vya umeme, inayo lakini "ilirukwa kwa waya kwa sababu ilikuwa inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa sababu ilikuwa inaona kitu! Irudishe leo. Pamoja nayo, unganisha vile vihisi vya joto na unyevu ambavyo tayari vimo ndani ya pampu; nyaya zake mbili mara nyingi hukutwa zimekatwa na kufungwa kwa utepe nyuma ya paneli, hata kwenye vituo vipya.

Ukiwa mbele ya paneli hiyo, angalia rangi ya shaba mahali nyaya zinapofungwa. Ikiwa nyeusi kama masizi, gesi ya shimoni inapanda kupitia bomba la nyaya na kuitafuna. Kontakta (swichi zinazowasha mota) zinazokwama bila sababu mara nyingi sababu yake ni hiyo. Ziba mabomba ya nyaya kwa povu au udongo wake maalumu, na nyaya za pampu zipitie kwanza kwenye kisanduku chenye hewa ya nje kabla ya kuingia kwenye paneli.

Jenereta sasa. Mota ya kilowati 15 ikiwashwa moja kwa moja inavuta mkondo kama mara 6 ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Jenereta ya kVA 20 inayotosha "kwa hesabu ya kilowati" itashusha volti mpaka kontakta ziachie, zishike, ziachie. Ukiwa na kifaa cha kuwasha taratibu na ukipanga pampu ya pili iwake sekunde 15 baada ya ya kwanza, jenereta ya wastani itamudu. Ucheleweshaji huo uwepo pia umeme wa gridi unaporudi, maana mtaa mzima unawasha vitu vyake wakati huo huo.

Niliwahi kuitwa usiku kwenye kituo kimoja kilichokuwa na jenereta nzuri kabisa, tangi limejaa dizeli, swichi ya kubadilisha umeme yenyewe, kila kitu. Mvua inanyesha, umeme umekatika, jenereta kimya. Tukafungua mfuniko wa betri: pana vumbi lenye umbo la betri. Ilikuwa imeazimwa asubuhi iwashe gari. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachokagua kwenye jenereta yoyote ni betri, na nashauri iwekwe ndani ya kizimba chenye kufuli ambalo ufunguo wake hauko kwa dereva. Jaribio la kila wiki nalo lisiwe la kuiwasha dakika 10 ikiwa tupu. Injini ya dizeli isiyobebeshwa mzigo inajaa masizi. Katisha umeme mkuu mwenyewe, iache ibebe pampu kwa nusu saa, ndipo utajua kama mnyororo mzima unafanya kazi.

Mafuriko. Pampu zako ni za kuzama, maji hayaziui. Paneli ndiyo inayokufa. Uliniambia iko kwenye kibanda cha sakafu sawa na barabara. Waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi kwenye mafuriko makubwa wanayoyakumbuka, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, weka alama ya rangi ukutani, kisha paneli, swichi na jenereta viende juu ya alama hiyo kwa nusu mita au zaidi. Waliofika Dar es Salaam Desemba 2011 wanajua maji yanavyoweza kupanda mahali ambapo mchoraji hakuwahi kuyafikiria. Hata miji yenye fedha iliadhibiwa kwa kosa hilo hilo: kimbunga Sandy kilipoupiga mji wa New York Oktoba 2012, vituo 42 kati ya 96 vya kusukuma maji taka viliharibika au vilikosa umeme. Mwaka uliofuata mji ukatoa mpango wake, na mengi yaliyomo ni ya kifundi wa kawaida tu: nyanyua vifaa vya umeme, ziba milango na matundu ya nyaya, funika kisichoweza kunyanyuliwa. Jukwaa la zege na fundi wa kuchomelea ngazi unao mjini kwako.

Sasa hesabu ambayo ningependa uichapishe uibandike ofisini kwa mkuu wako. Floti yako ya kengele, yaani boya linaloipigisha maji yakipanda, iko mita 1.5 chini ya mahali maji yanapoanza kufurika. Mita 1.5 mara 7.07 ni mita za ujazo 10.6. Kwa lita 14.7 kwa sekunde, kituo kikisimama siku kavu saa 4 asubuhi, una dakika 12 tangu kengele ilie. Mvua ikileta mara tatu ya hapo, na kwenye mtandao wenye chemba mbovu hiyo si ajabu, una dakika 4. Wewe unakaa umbali wa dakika 40 kwa pikipiki.

Kwa hiyo meseji ya simu peke yake haitakufaa kitu. Ifunge, ni kifaa kidogo chenye laini ya simu, lakini elewa kwamba itakupa habari ya mafuriko yaliyokwisha kuanza. Kinachonunua muda ni vitu vitatu. Cha kwanza, shusha kengele: iwe na ngazi mbili, ya mapema inayosema "pampu imeshindwa kuwaka" au "maji yamepita usawa wa pampu ya pili", na ya mwisho inayosema "njoo unakimbia". Cha pili, mahali pa kuhifadhi. Saa moja ya mtiririko wa kawaida ni mita za ujazo 53, chumba cha zege ambacho kiwanja chenu kinaweza kukimeza, kinachojaa chenyewe kwa kumwagikia na kujikausha chenyewe pampu zikirudi. Hapo ndipo ningepeleka sehemu nono ya fedha za hizo pampu kubwa. Zege halizibi, halihitaji spea wala halikatiki umeme.

Cha tatu ni mvua yenyewe. Maji ya mvua hayana ruhusa ya kuwa kwenye bomba lako, lakini yamo. Dar es Salaam tumezoea kusikia watu wakitapisha vyoo mvua ikishuka. Kwenye mtandao wa maji taka tabia hiyo ina pacha wake, mtu ananyanyua mfuniko wa chemba ili ua wake ukauke. Halafu wapo waliounganisha mabomba ya mapaa. Pita mtaani mvua ikinyesha, koti mwilini, angalia mifuniko ipi iko wazi na ipi inafukiwa na dimbwi. Chemba kumi mbovu kabisa zikipandishwa shingo na kufungwa mifuniko mizima, utaona tofauti kwenye saa za pampu kabla hata hujanunua chochote cha umeme. Na hili ni la lazima kwako, kwa sababu kanuni ya kazi hii ni kituo kimudu kilele cha mtiririko pampu kubwa kuliko zote ikiwa nje. Tukichukua mara tatu, kilele chako ni lita 44. Pampu moja nzima inatoa 40. Mbili pamoja kwenye bomba moja hazitoi 80, kwako sitarajii zaidi ya 50 na kitu. Siku kavu uko salama kwa pampu moja. Siku ya mvua huna usalama mpaka upunguze kinachoingia.

Floti zenyewe. Mafuta ya migahawa yanazivalisha koti, zinashikana kwa nyaya, moja inaelea juu ya tabaka la mafuta gumu na kudanganya. Kihisi cha shinikizo kinachoning'inia au cha rada kinachotazama kutoka juu kifanye kazi ya kila siku. Lakini acha floti moja ya juu kabisa inayowasha pampu moja kwa moja kupitia relei, bila kupitia kompyuta ya paneli. Kompyuta ikiganda usiku wa manane, floti hiyo haijui habari za programu.

Halafu kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho hakimo kwenye orodha ya ofisi yenu: tawi la bomba lenye vali na kichwa cha kuungia mpira haraka, kwenye bomba la msukumo, nje ya nonritani, mahali gari linafika. Siku paneli imeungua au mnabadilisha vali, mnaleta pampu ya dizeli ya kukodi, mpira mmoja shimoni, mwingine kwenye tawi, mnaendelea na kazi. Bila tawi hilo hata ukarabati huu tunaouzungumzia utaufanya kwa kumwaga maji mtaroni. Lianze hilo kabla ya mengine yote. Geti vali nazo zizungushwe kila mwezi, kufunga na kufungua; vali isiyoguswa miaka mitatu haifungi siku unayoihitaji, inavunjika mkononi.

Hapa nasimama kidogo kwa jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba pampu ikiziba "kijana anashuka kuitoa". Asishuke. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, ikifika sehemu 100 katika milioni inaua uwezo wa pua kuinusa. Mtu anadhani imeisha kumbe imezidi. Ikiongezeka anaanguka bila kupiga kelele, na mwenzake anaruka kumwokoa. Ndivyo vinavyopatikana vifo viwili na vitatu kwa shimo moja. Reli za kuongozea, kiti cha kujifunga chini na cheni bloku juu vinaifanya pampu ipande na kushuka bila mtu kuingia. Kwenye kituo chako reli zipo, ila moja imeliwa na kutu ndiyo maana pampu hainasi. Weka za chuma kisicho na kutu. Ikibidi mtu aingie kwa ukarabati: kipima gesi kinachoshushwa kwanza kwa kamba na kinachobaki kiunoni mwake, feni ya kupeleka hewa, mkanda na stendi ya miguu mitatu yenye winchi, mtu juu asiyeondoka. Kukosekana kimoja ni kuahirisha kazi. Gesi hiyo hiyo, ikigeuzwa asidi na bakteria wa ukutani, ndiyo inayofanya zege la juu ya maji kuwa laini kama unga. Likwangue kwa bisibisi uone linaingia kiasi gani.

Spea sitaziongelea sana. Pampu nzima moja stoo inayolingana na hizo mbili, seti mbili za sili na beringi, floti, kontakta na relei. Mkinunua pampu za aina tatu tofauti kwa zabuni tatu, mtakuwa na stoo tatu ambazo hazijai.

Ofisini nenda na karatasi moja. Juu yake andika 14.7, 32, 37 na 40, uwaeleze kila namba imetoka wapi. Kisha dakika 12 na dakika 4. Kisha orodha kwa mpangilio huu: tawi la dharura na vali. Nonritani zote mbili na impela. Relei, vihisi na kuziba nyaya. Kunyanyua paneli na jenereta. Reli na kipima gesi. Chemba za mtaani. Chumba cha akiba. Wakisema fedha zilitengewa pampu na haziwezi kuhama, waombe angalau pampu za lita 40 zile zile zenye impela ya kujisafisha, kwa mita 21, na tofauti ya bei iende kwenye tawi na paneli. Hilo mhasibu anaweza kulimeza.

Na mita ya saa za kila pampu, isome kila asubuhi uandike daftarini pamoja na ampia. Saa zikipanda bila mvua, kuna kitu kinavuja au kinachakaa. Ampia zikipanda, kuna kitambaa. Ukishafunga hizo nonritani mpya, rudia kile kipimo siku kavu saa 4 asubuhi, kwa kamba ile ile, unitumie dakika na sekunde.